Roosevelt: Mwindaji wa jicho moja katika nyika za Juja na Kamiti

ALIYEKUWA Rais wa Kenya, Bw Uhuru Kenyatta, alipofungua kiwanda cha silaha ndogo mjini Ruiru mnamo Aprili 8, 2021, mji huo uliingia ukurasa mpya katika historia ya bunduki. Kiwanda hicho kilichogharimu Sh4 bilioni kilielezwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, ukanda wa Ruiru na Thika ulikuwa umezizoea silaha mashuhuri kwa muda mrefu. Miaka 112 kabla ya sherehe hiyo, nyika iliyotanda kati ya miji hii miwili ilimpokea mgeni ambaye sanduku zake za bunduki zilikuwa gumzo la dunia nzima. Huyo alikuwa Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani, aliyekuwa ameondoka ikulu wiki chache tu zilizotangulia.

Safari yake imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya simba na ndovu. Kisichotajwa sana ni kwamba mwindaji huyo alikuwa haoni vizuri. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepoteza karibu nuru yake yote, na la kulia halikufaa kitu bila miwani.

Roosevelt alizaliwa jijini New York mnamo Oktoba 27, 1858, katika familia tajiri. Alikuwa mtoto dhaifu aliyeteswa na pumu. Alipokaribia umri wa miaka 14 alipewa bunduki yake ya kwanza, ya mitutu miwili, iliyoundwa Ufaransa. Alipokwenda kuwinda na wenzake aligundua jambo la ajabu: wao walikuwa wakifyatulia vitu ambavyo yeye hakuviona kabisa. Babake alipomnunulia miwani, kijana huyo alistaajabu kuona jinsi dunia ilivyojaa mambo ambayo hakuwahi kuyajua. Majira ya baridi yaliyofuata alikuwa kwenye mto Nile nchini Misri, akiwapiga ndege na kuwahifadhi kwa ajili ya masomo yake ya viumbe.

Tangu hapo miwani na silaha zilifuatana katika maisha yake kama chanda na pete.

Mnamo Februari 14, 1884, mama yake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Akiwa na majonzi alikimbilia mbuga za Dakota kufuga ng'ombe. Huko miwani ilimfanya adharauliwe. Usiku mmoja, katika hoteli ndogo, mlevi mmoja mwenye bastola mbili mikononi alimdhihaki kwa kuwa na macho manne na kumwamuru awanunulie wote pombe. Roosevelt aliinuka kana kwamba anatii, kisha akamshindilia ngumi zilizomwangusha chini, bastola zikilipuka ovyo.

Ni Dakota pia alikojifunza kwamba bunduki ya dukani haikumfaa. Winchester aliyoitumia huko ilitengenezewa kitako na vilengeo kwa kipimo chake. Vilengeo ni vile vidude viwili vya kulengea shabaha: kimoja kiko nyuma, karibu na jicho, na kingine kiko mbele kwenye ncha ya mtutu.

Vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka mwaka wa 1898, aliacha wadhifa wake katika Wizara ya Wanamaji na kwenda Cuba na kikosi cha wapanda farasi, akiwa na miwani ya akiba iliyofichwa sehemu mbalimbali za mavazi yake. Kiunoni alikuwa na bastola aina ya Colt iliyoopolewa kutoka manowari Maine, iliyolipuka na kuzama katika bandari ya Havana. Alipewa na shemeji yake, aliyekuwa afisa wa wanamaji. Katika mapigano ya Julai 1, 1898, kwenye vilima vya San Juan, alimuua kwa bastola hiyo askari wa Uhispania aliyekuwa hatua chache mbele yake. Kwa umbali huo, kilengeo hakina kazi kubwa.

Vita hivyo vilimfanya shujaa. Mwaka uo huo alichaguliwa gavana wa New York, akawa makamu wa rais mwaka wa 1901, na mnamo Septemba mwaka huo akarithi urais baada ya William McKinley kuuawa kwa bastola. Mwaka wa 1906 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kuzipatanisha Urusi na Japani.

Ikulu ndiko alikopoteza jicho. Alipenda kupigana ngumi na maafisa vijana wa jeshi ili kujiweka imara. Katika pambano mojawapo, ngumi iliharibu jicho lake la kushoto. Alilificha jambo hilo kwa miaka kadhaa. Ni vigumu kufikiria rais wa leo akifanikiwa kuficha siri kama hiyo.

Alipoanza kujiandaa kwa safari ya Afrika mwaka wa 1908, suala la vilengeo likawa zito. Barua kati yake na kampuni ya Winchester zinamwonyesha rais wa nchi kubwa akigombana na mafundi kuhusu kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kidole. Alikuwa ametuma bunduki yake ya zamani iwe kielelezo, lakini aliletewa bunduki mpya zenye kilengeo cha nyuma tofauti. Hakuridhika hata kidogo. Kwake, bunduki yenye kilengeo asichoweza kukitumia ilikuwa sawa na kukosa bunduki.

Hatimaye alisafiri na Winchester ya modeli ya 1895, Springfield iliyorekebishwa kwa ajili yake, na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi kutoka kwa Waingereza waliomhusudu. Alitia nanga Mombasa mnamo Aprili 21, 1909, pamoja na mwanawe Kermit, aliyekuwa na umri wa miaka 19, na wataalamu wa viumbe wa taasisi ya Smithsonian. Msafara wao ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Kati ya wabeba bunduki wa Roosevelt walikuwemo Muhamad na Bakari, ambao macho yao yalikuwa sehemu ya silaha zake. Mara nyingi wao ndio waliomwona mnyama kwanza na kumwonyesha.

Baada ya siku za kwanza katika nyanda za Kapiti, msafara ulifika Juja mwezi Mei. Mwenyeji wao alikuwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri wa St Louis aliyekuwa na shamba kubwa huko. Mtu huyo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Sir, alifariki mwaka wa 1925 na kuzikwa kwenye mlima Ol Donyo Sabuk. Jina lake lingali kwenye maktaba maarufu ya jijini Nairobi.

Mahali ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wanasongamana kupanda matatu, wakati huo palikuwa nyika ya swara, punda milia na vifaru. Roosevelt aliwinda viboko katika mito ya eneo hilo. Kermit naye alimkabili chui aliyejeruhiwa, ambaye alimrarua mmoja wa watu waliokuwa wakimfurusha kichakani kabla ya kuuawa. Mwafrika huyo aliponea chupuchupu.

Kutoka Juja walielekea shamba la Hugh Heatley kando ya mto Kamiti, mahali ambapo jina lake leo huwakumbusha wengi gereza. Kulikuwa na kinamasi cha mafunjo kilichokuwa maficho ya nyati. Roosevelt alishika bunduki nzito ya Holland. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii tu, hurudi kulipiza kisasi, na mtu asiyeona vizuri hana nafasi ya kukosea mara mbili. Nyati kadhaa waliangushwa, na kwa muda kundi zima lilisimama likiwakodolea macho wawindaji hao katika uwanda usio na mti wa kupanda.

Roosevelt hakujigamba kwamba alikuwa na shabaha kali. Alitumia risasi nyingi, na mara nyingi alisogea karibu kuliko ilivyokuwa salama. Sababu si ujasiri pekee. Jicho la mtu wa miaka 50 haliwezi kuona sawasawa kwa wakati mmoja kilengeo cha nyuma, kile cha mbele na mnyama aliye mbali. Likikazia kimoja, vingine huwa ukungu. Kijana huvumilia kasoro hiyo kwa kuwa jicho lake hubadilika upesi. Mzee hawezi.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa tayari imebuniwa. Mwaka wa 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini jijini Dublin, alisajili kilengeo cha kioo kinachoakisi alama ya mwanga. Lenzi huifanya alama hiyo ionekane kana kwamba iko mbali sawa na shabaha, hivyo jicho hukazia kitu kimoja tu, na mlengaji anaweza kuacha macho yote mawili wazi. Kifaa hicho kilianza kutumika katika ndege za kivita mwaka wa 1918, na ilichukua miongo mingi kabla ya kuwa kidogo kiasi cha kukaa juu ya bastola.

Leo wenye leseni za bastola wanakabiliwa na maswali yale yale yaliyomsumbua Roosevelt, ila kwa sura nyingine. Nukta kubwa huonekana upesi lakini hufunika shabaha: nukta ya dakika 6 za pembe huziba takriban sentimita 17 kwa umbali wa mita 100, na ya dakika 3 huziba karibu sentimita 9. Mwenye kasoro fulani ya jicho huiona nukta kama nyota iliyochanika, kwa hiyo ni heri aitazame kabla ya kulipa. Kwenye bastola kifaa hiki hukaa juu ya chuma kinachorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka. Kibati kisicholingana na matundu, au skrubu iliyolegea, huifanya nukta ihame bila mwenyewe kujua, na ndiyo maana baada ya kufungwa ni lazima ipimwe upya uwanjani.

Msafara wa Roosevelt ulimalizika Khartoum mwezi Machi 1910. Yeye na mwanawe walikuwa wameua wanyama 512, yeye mwenyewe 296. Wengi walipelekwa katika makavazi kwa ajili ya sayansi, lakini ni vigumu kuisoma hesabu hiyo leo bila kushtuka. Kati yao walikuwemo vifaru weupe wa kaskazini tisa. Jamii hiyo imebaki na majike wawili tu, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977.

Mnamo Oktoba 14, 1912, akiwania tena urais, Roosevelt alipigwa risasi kifuani kwa bastola mjini Milwaukee na John Schrank. Risasi ilipenya hotuba yake ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni na kibweta cha chuma cha miwani, ikapungua nguvu. Alihutubia umati kwa zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kwenda hospitalini. Risasi hiyo haikutolewa kamwe.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Sagamore Hill mnamo Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Bastola aliyoitumia Cuba iliibwa kutoka nyumba hiyo, iliyogeuzwa makumbusho, mwaka wa 1990, na ikarejeshwa mwaka wa 2006.