Dunlop na ubishi wa tairi nene

John Boyd Dunlop hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyezaliwa 1840 na kuhamia Belfast. Mwaka 1887 akamfungia mwanawe mipira ya upepo kwenye baiskeli ya miguu mitatu ili isimtikise. Waendesha resi wakayacheka matairi yale manene. Basi 1889, kwenye michezo ya Queen's College (wanachuo kama sisi), Willie Hume akayapanda, akashinda. Siyo uchawi: tairi gumu hurushwa na kila jiwe, nguvu zinaishia hewani, la upepo linalimeza jiwe, unasonga. Baadaye hati ya uvumbuzi wake ikabatilishwa, maana Thomson, Mskoti mwenzake, alishasajili wazo hilo 1845. Dunlop alifia Dublin, 1921.

Leo zote zina upepo, ila bwenini ubishi ni uleule: resi nyepesi ya tairi nyembamba, au ile ya masafa, tairi pana na usukani wa juu? Wengi huinyanyua kwa mkono mmoja, wanalipa. Mimi boom likiingia nachukua ya masafa. Shule niliyopangiwa kufundisha iko kilomita 11, njia mawe matupu, na nikifika nataka mkono unaoweza kushika chaki.