Angaine, 'Mfalme wa Meru' aliyenaswa na kifungu cha Katiba

KATIKA historia ya siasa za Meru, hapana jina lililotikisa kama la marehemu Jackson Harvester Angaine, aliyefariki dunia mwaka wa 1999. Wapo waliomwita Mfalme wa Meru, na hawakuwa wakitania.

Angaine, mtoto wa chifu, alitiwa kizuizini na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka wa 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo jirani yake wa Embu, Jeremiah Nyagah, alikuwa ametangulia tangu 1958.

Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta alimkabidhi Wizara ya Ardhi na Makazi, akaishika hadi 1979. Kazi hiyo ilikuwa na mzizi wake katika Katiba. Kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960, wajumbe wa Kiafrika walishauriwa na Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake mnamo 1967. Rasimu yake ya haki za kimsingi ilisisitiza kuwa mali ya mtu haichukuliwi bila fidia ya haki, kama isemavyo Katiba ya Marekani. Ndiyo maana mashamba ya walowezi yalinunuliwa, tena kwa mikopo, kabla ya kugawiwa wananchi. Wengi wasio na ardhi hawakulisahau jambo hilo.

Bunge la 1963 nalo lilikuwa na sura ya Kimarekani: Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya viti 41, kila wilaya na seneta wake. Lakini Wamarekani wamelinda mabaraza yao mawili hadi leo. Mswada sharti upite kwa wawakilishi 435 na maseneta 100, kisha rais autie saini. Akiukataa, theluthi mbili za kila baraza zaweza kumshinda. Kubadilisha Katiba ni kugumu zaidi, kwani huhitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili na idhini ya majimbo 38 kati ya 50. Tangu 1789 wamefanya marekebisho 27 tu. Kenya iliivunja Seneti yake mwaka wa 1966, na tangu hapo asilimia 65 ya wabunge wa baraza moja walitosha kubadilisha Katiba.

Wepesi huo ndio uliowatia tamaa baadhi ya vigogo mwaka wa 1976. Kenyatta alikuwa amezeeka, na Katiba ilisema rais akifa, makamu wake atashika hatamu kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi. Angaine, pamoja na Kihika Kimani, Njoroge Mungai, Paul Ngei, Njenga Karume na wengineo, walitaka kifungu hicho kiondolewe. Waliandaa mikutano ya hadhara, huku wabunge waliomtetea Moi wakiongozwa na Stanley Oloitipitip.

Hesabu ya kura haikufika Bungeni. Mnamo Oktoba 1976, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kuwa kuwazia au kukusudia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kampeni ikazimika ghafla. Ajabu ni kwamba kilichoiokoa Katiba si ugumu wa kuibadilisha, bali hofu ya kitanzi.

Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na Moi akachukua usukani vivyo hivyo. Mwaka uliofuata, wapiga kura wa Meru walimwangusha Angaine. Alirejea Bungeni katika miaka ya 1980, ila makali ya zamani hayakurudi.

Katiba ya 2010, iliyopitishwa miaka 11 baada ya kifo chake, imerudisha Seneti, na leo Meru, Tharaka-Nithi na Embu zina seneta mmojammoja. Kuhusu kifungu kile cha 1976, sasa rais akifa, naibu wake humalizia muhula wote uliobaki, kama ilivyo Marekani.