Daktari John Snow na Maji ya Kisima

Je, wajua kwamba maji yanayoonekana safi yaweza kuua? Soma habari za Daktari John Snow wa Uingereza.

Snow alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa York. Baba yake alikuwa kibarua. Alisomea udaktari, akafanya kazi London. Siku hizo watu waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye kunuka. Snow alisema huletwa na maji machafu. Wengi hawakumwamini.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho. Watu zaidi ya 600 walikufa. Snow alipita nyumba kwa nyumba, akauliza marehemu waliteka maji wapi. Wengi waliteka kisima cha pampu cha Broad Street.

Karibu na kisima hicho palikuwa na kiwanda cha pombe. Kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70. Hakuna hata mmoja aliyekufa! Wao walikunywa pombe iliyopikwa, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Snow aliwaeleza viongozi wa mtaa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba uchafu wa choo ulivujia kisimani. Snow alikufa mwaka 1858.

Je, tunywe pombe badala ya maji? Hapana. Pombe iliyoongezwa maji mabichi huleta ugonjwa uleule. Chemsha maji mpaka yatokote, uyafunike. Maji hayo ni salama kama chai. Na choo chako ukichimbe mbali na kisima.