Gerry: aliyekataa kutia saini, kisha akatia

Watu wa California walipopiga kura Novemba 2025 na kuikubali ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi, iliyochorwa wazi wazi ili chama cha Democratic kipate viti zaidi, kibarazani kwetu tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja ninayemheshimu alishika msimamo kwamba wapiga kura wenyewe wakisharidhia, lawama imekwisha. Kule Texas, akatukumbusha, wenzao wa Republican walichora yao bila kuwauliza wapiga kura. Sikuwa na jibu pale pale. Nilirudi nyumbani nikazifungua tena habari za Elbridge Gerry, ambaye jina lake limebandikwa kwenye mchezo huu kwa zaidi ya miaka 200.

Gerry alizaliwa mwaka 1744 Marblehead, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa nahodha aliyegeuka mfanyabiashara, na mali yao ilikuwa samaki wa kukausha, waliopakiwa merikebuni hadi Barbados na Uhispania. Sisi watu wa ng'onda tunamwelewa mtu kama huyo. Jirani kabisa na Marblehead ni Salem, zilikotoka baadaye merikebu za biashara zilizoleta kitambaa cha merikani Unguja.

Mwaka 1776 alikuwa miongoni mwa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1787 mjini Philadelphia. Walikaa miezi kama minne wakiandika katiba, na siku ya mwisho, karatasi ilipopitishwa, watu watatu waliokuwa ukumbini walikataa kutia saini. Gerry alikuwa mmoja wao. Kilichomkera, pamoja na mengine, ni kwamba katiba ile haikutaja haki za raia. Alilaumiwa sana. Mwaka 1791 haki hizo ziliongezwa.

Basi mtu huyo huyo akawa gavana wa Massachusetts mwaka 1810. Mwanzo alijaribu kupatanisha chama chake, kile cha Jefferson na Madison, na wapinzani wao wa Federalist. Muhula wa pili akakaza kamba. Februari 1812 baraza lililokuwa mikononi mwa chama chake likamletea sheria ya kuchora upya maeneo ya seneti ya jimbo. Mkwe wake, aliyeandika maisha yake, alidai kwamba mzee hakuipenda. Pengine. Lakini aliyewahi kuwakatalia kina Washington na Franklin hakukosa ujuzi wa kukataa. Alitia saini.

Katika kaunti ya Essex, kwao alikozaliwa, miji ilishonwa pamoja kuzunguka ukingo wa kaunti mpaka ramani ikafanana na mnyama aliyejikunja. Mwezi Machi gazeti la Boston Gazette lilimchora na kumpa mabawa na makucha. Kwa kuwa alifanana na salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi, jina la gavana likaunganishwa naye: gerrymander. Hata jina lenyewe halikusalimika. Yeye aliitwa kwa g ya gari, neno linatamkwa kwa j ya jamvi.

Aprili uchaguzi ukafika. Katika kura za seneti, Federalist walipata 51,766 na chama cha Gerry 50,164. Viti? Federalist 11, chama cha Gerry 29. Wapinzani walirundikwa katika maeneo machache washinde kwa kura za ziada zisizowafaa kitu, na kwingine wakatawanywa wasifue dafu. Ila kiti cha gavana kilipigiwa kura na jimbo zima, hakina mpaka wa kuchora, na hapo Gerry aliangushwa na Caleb Strong. Wananchi waliweza kumwadhibu aliyetia saini. Waliofaidika na saini ile waliingia senetini.

Hapo ndipo nilipopata la kumwambia mzee wangu. Nusu ya maneno yake nayakubali: kura ya California ilikuwa ya jimbo zima kama ile ya gavana, na hiyo ni afadhali kuliko kuchorewa gizani. Lakini ndugu kumi wakirithi shamba, saba wakapiga kura kupunguza fungu la watatu, hizo si ridhaa za watatu. Haki ya mtu huisamehe mwenyewe, si jirani aliyemzidi wingi.

Gerry alikuja kuwa makamu wa rais chini ya Madison mwaka 1813. Novemba 23, 1814, akiwa njiani kwenda senetini jijini Washington, alifariki akiwa na umri wa miaka 70, na madeni juu yake. Amezikwa huko huko.

Zile hesabu za 1812 nimeziandika nyuma ya bahasha. Jioni nitakwenda nazo kibarazani, na najua mzee atanibishia.