Mtakatifu Alfonso Rodríguez, Mlinzi wa Mlango

Tunamkumbuka Alfonso Rodríguez, mfanyabiashara wa nguo wa Segovia, Hispania. Alifiwa na mke na watoto, na biashara yake ikaanguka. Akiwa mtu mzima, aliketi shuleni pamoja na watoto kujifunza Kilatini, wala hakufika mbali.

Mwaka 1571, akikaribia miaka 40, Wayezuiti walimpokea kuwa furere. Huko Majorca alilinda mlango wa koleji hata uzee wake, akimpokea kila mgeni kama Bwana Yezu mwenyewe. Ndiye aliyemhimiza mwanafunzi Pedro Claver aende Amerika. Naye akawahudumia watumwa waliotolewa Afrika, hata katika nchi za Kongo na Angola.

Alfonso alifariki mwaka 1617. Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili watakatifu siku moja, mwaka 1888.

Ndugu wapendwa, tusiseme saa yetu imepita: kwa Mungu mlango ungali wazi.