Sayyid Barghash bin Said na Maji ya Unguja



Wengi humtaja Sayyid Barghash bin Said kwa jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga mwaka 1883. Walakini kazi yake iliyowafaa watu zaidi ilifukiwa chini ya ardhi, nayo ni mabomba ya maji.

Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwaka 1856, na Barghash alikuwamo chomboni. Aliutaka ufalme, ukamwendea nduguye Majid. Mwaka 1859 akamwasi nduguye, Waingereza wakamsaidia Majid, naye Barghash akahamishwa Bombay kwa muda wa miaka miwili. Na katika muda huo, mwaka 1860, maji ya ziwa la Vihar yalianza kuletwa katika mji wa Bombay kwa mabomba. Huenda uhamisho ule, aliouchukia, ndio uliomfunza faida ya jambo hili.

Mji wa Unguja haukuwa na mto wala ziwa. Buswelu na sehemu za Mwanza wanalo Ziwa Viktoria karibu yao, ingawa wingi wa maji si dhamana ya usafi wake. Bali Unguja watu walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa baina ya nyumba, makaburi na vyoo, na maji yake aghalabu yalikuwa na chumvi. Dkt. Livingstone, aliyefika mwaka 1866, aliulaumu mji kwa uvundo wake, wala hakuusingizia.

Hata mwishoni mwa mwaka 1869 kikaingia kipindupindu. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akikaa Unguja, alifuata nyayo za maradhi yale, akauliza wasafiri na wafanyi biashara, akaona yametoka Bara Arabu, yakapita nchi za Wahabeshi na Wamasai, yakateremka pwani Pangani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Watu walikufa kwa maelfu, na wa kwanza kufa walikuwa maskini na watumwa.

Majid akafariki, na Barghash akashika ufalme Rajabu 1287, yaani Oktoba 1870, mji ukiwa katika msiba. Mwaka 1872 tufani ikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alitia kwa kutishwa na manowari za Kiingereza, si kwa hiari. Wala haifai kufichwa kuwa mali ya dola ile ilitoka katika mikono ya watumwa.

Pamoja na dhiki hiyo alitoa mali, akaleta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji, hata ndani ya mji. Watu wakateka bila kutoa kitu, kama Sayyidna Uthman alivyokinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu. Akajenga na hamamu ya watu wote, na mtaa wake unaitwa Hamamni. Wakati huo wataalamu walikuwa wangali wakibishana juu ya asili ya kipindupindu: Robert Koch alikwenda Misri kukichunguza mwaka 1883, maradhi yakiua watu Iskandaria, akathibitisha kijidudu chake baadaye huko Bara Hindi.

Alikuwa Ibadhi, na raia zake wengi Mashafii. Maji aliwapa wote, lakini ulimi hakuwapa: Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani kwa ajili ya mafundisho yake, hakutoka ila baada ya kufa Sayyid. Wajukuu wa waliokunywa maji yale wanayo haki ya kuyajua yote mawili.

Mwisho wa umri wake aliugua sana, akasafiri kwenda Oman kutafuta shifaa katika maji ya moto ya Baushar. Akarejea hali ni ile ile, akafariki Rajabu 1305, yaani Machi 1888, akazikwa Unguja mjini karibu na baba yake.