Daktari na Paka Namba 400

Kwa wenzetu wa maabara, panya na sungura ni mambo ya kila muhula: unampa dozi, unaangalia, unaandika, unafunga daftari. Hajime Hosokawa naye alifunga daftari lake. Likakaa limefungwa miaka zaidi ya kumi.

Alizaliwa Japani mwaka 1901, akasomea udaktari Tokyo, baadaye akawa mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso, mjini Minamata. Aprili 1956 aliletewa mtoto wa miaka mitano, kutembea shida, kuongea shida. Tarehe 1 Mei hospitali yake ikaripoti serikalini ugonjwa usiojulikana wa mfumo wa fahamu. Huko kwa wavuvi, paka walikuwa wameshaanza kuzungukazunguka kama vichaa na kutumbukia baharini.

Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki iliyo kwenye samaki. Chisso wakabisha. Hosokawa akaona bora ajipimie mwenyewe. Julai akaanza kuchanganya majitaka ya mtambo wa asetaldehaidi kwenye chakula cha paka namba 400, kila siku. Oktoba paka akapata degedege, sawasawa na wale wa wavuvi. Jibu lilikuwa limepatikana, tena ndani ya uzio wa kiwanda.

Sasa hapo ndipo penyewe. Mabosi wakamzuia kuendelea na majaribio hayo, matokeo yakafichwa, naye akanyamaza. Desemba ileile wagonjwa walisaini mkataba wa kifuta machozi, wakakubali kutodai zaidi hata ikija kuthibitika kosa ni la kiwanda. Habari za yule paka hawakuwa nazo. Zebaki iliendelea kumwagwa mpaka 1968.

Mwaka 1970, akiwa mgonjwa wa kansa ya mapafu, mahakama ilimfuata kitandani. Akaeleza yote. Akafariki Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 1973 wagonjwa wakashinda kesi.

Shujaa au mwoga? Mimi naona vyote viwili, na ndiyo maana ananisumbua. Zebaki hiyohiyo leo wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatia dhahabu. Kesho wewe ndiye utakayeajiriwa kupima maji. Bosi akisema funga daftari, utalifunga?